Lori Nililolijua kwa Sauti

Mume wangu alikuwa akisema kwamba lori kuukuu hununuliwa kwa masikio, macho hufuata baadaye. Rangi hupakwa, alisema, na ufa huzibwa kwa lami, lakini injini haijui kudanganya mlimani. Alikuwa dereva tangu kabla ya uhuru, akiendesha magari ya wazungu wa kahawa, na mimi sikuwahi kumbishia mambo ya injini. Ila siku tuliyokwenda kuchagua lori letu la kwanza, masikio aliyoyategemea hayakuwa yake. Yalikuwa yangu, mimi ambaye hata leo sijui bolti hukazwa kuelekea upande gani.

Ili nieleweke, lazima nianze na migomba. Wakati wa maasi, miaka michache baada ya uhuru, waasi walipoingia Beni, mji wetu, walichukua malori ya walowezi, na walipofukuzwa, askari waliorudi waliyachukua malori yaleyale. Lori lilibadilisha bwana, kazi ikabaki ileile, kuzoa watu. Sisi wanawake tulikuwa tukikimbilia migombani, tunalala kifudifudi na watoto chini ya vifua vyetu, na aliyelala kifudifudi haoni kitu. Anasikia tu. Kwa hiyo tulijifunza. Lori la chumvi kutoka Kasindi, mpakani, lilikuwa na kikohozi, hilo hatukulikimbia. La misheni lililia breki. Na lilikuwepo moja ambalo dereva akiondoa mguu kwenye mafuta lilitoa mluzi mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kwa meno baada ya kuuma pilipili. Tukilisikia hilo, mwenye sufuria motoni aliiacha.

Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tulimwita Yaya, hakukimbia. Alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na vitambaa karibu na soko, na alisema mtu wa duka akikimbia amekwisha kukiri kosa. Waasi walikuwa wamechukua chumvi kwake. Nani angewanyima? Askari waliporudi walisema amewalisha. Kofia yake nayo haikumsaidia, maana siku zile Mwislamu mwenye duka alihesabiwa kuwa mtu wa waasi kabla hajafungua mdomo. Waliwachukua wanaume wa pale sokoni asubuhi moja. Mimi na mama tulikuwa migombani nyuma ya nyumba tuliposikia lori la mluzi likija kutoka upande ule, likapita mbele ya nyumba yetu, likashika njia ya Butembo. Kabla ya adhuhuri lilirudi. Lori tupu lina sauti yake, wala halihitaji kuelezwa.

Hakuna aliyerudi, na hakuna aliyetuambia walikopelekwa. Mwalimu wa msikiti alikuja kutushauri tusome hitima, tupike sadaka, tumwachie Mungu. Mama alimpa kiti, akampa chai, halafu akamkatalia.

"Munataka nimuzike mutu mwenye sikuona? Ile gari yenye ilimupeleka njo itamurudisha."

Alimaanisha lori lililompeleka ndilo litakalomrudisha, na hilo ndilo lililotukaba miezi na miezi. Hatukuweza kulia, kwa sababu kulia mbele ya mama kulikuwa sawa na kumuua kaka kwa mikono yetu. Nguo zake hazikugawiwa. Mama alizifua na kuzianika, na jua likizikausha anazikunja, juma likiisha anazifua tena ingawa hakuna aliyezivaa. Nilimkasirikia, na siogopi kulisema. Nilitaka kaburi. Mtu mwenye kaburi analia, anachoka, anapika. Sisi tulikuwa na kamba ya nguo tu.

Mume wangu alirudi kutoka Uganda mambo yalipotulia. Alikuwa amevuka mpaka na gari la tajiri wake kabla waasi hawajafika, akabaki Kasese akibeba pamba za Wahindi, na alirudi akiwa na akiba na maneno mengi. Alisema amechoka kusugua mali ya watu. Alitaka lori lake, awe bwana na dereva kwa pamoja, apakie maharagwe na viazi vya Lubero ashushe Beni, arudi na mchele na mafuta ya mawese. Malori ya kuuzwa yalikuwa mengi kule Butembo, maana wageni waliokuwa wakiondoka waliuza kila kitu. Shida ilikuwa moja, wala haikuwa shida ya injini.

Mtu mmoja tuliyemfahamu alikuwa amenunua lori zuri, akalipaka rangi ya kijani, akaenda nalo kwenye soko la kwanza. Alikuta vijiko vimo ndani ya vyungu na hakuna watu. Akaenda soko la pili, vilevile, kumbe watu walilijua kwa sauti, ni lori lililozoa wenzao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na lile halikuwa ung'ongo, lilikuwa nyoka yuleyule aliyepakwa rangi. Hakuna aliyempakilia hata mkungu mmoja wa ndizi. Tangu hapo wanunuzi wenye akili walianza kufuatana na mwanamke aliyewahi kujificha migombani, mke au dada, asikilize lori kabla fedha hazijatoka mfukoni. Jambo hili lilikuwa la kawaida kwetu kama kumpeleka mjuzi wa ng'ombe mnadani. Mume wangu, kwa kuwa alikuwa Uganda, hakuwa na masikio hayo.

"Mama ya batoto," aliniambia, "weye utafunga macho, usikilize tu. Kama gari iko na damu, uniambie. Ingine yote uniachie miye."

"Na kama niko nasikia vibaya?"

"Weye? Unanisikia nikifungua sufuria ya nyama nikiwa jikoni, na weye uko kwa jirani."

Tulipanda Butembo juu ya shehena ya mchele, nikashuka nikiwa natetemeka kwa baridi ya mji ule. Malori yalikuwa upande wa Kimemi, kwenye uwanja wenye mteremko, na mteremko wenyewe ulikuwa umechaguliwa kwa makusudi, ili mnunuzi asikie gari likipanda. Nilikaa juu ya gurudumu kuukuu, nikageuza mgongo, nikajifunika kitenge hadi usoni. Wanawake wengine wawili walikuwa wamekaa vilevile kando yangu, kila mmoja na mume wake. Hatukusalimiana. Kila mmoja alikuwa amerudi mahali pake migombani.

Lori la kwanza sikulijua, lakini gia zake zilikuwa kimya mno. Nilimwambia mume wangu kwamba lile linanong'ona, akacheka, akalala chini yake, akafungua kizibo cha sanduku la gia. Yalitoka maganda ya ndizi, meusi, laini kama sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, yaliyojazwa humo ili meno yaliyolika yasigongane. Muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba hajui yaliingiaje. Mume wangu alimwambia labda gari lilikuwa na njaa. Lori la pili nililijua kwa upendo, lilikuwa lile la chumvi lenye kikohozi, lakini mifupa yake ya chini ilikuwa imepasuka na kuungwa mara nyingi mpaka mume wangu akasikitika kama aliyemkuta rafiki hospitalini.

La tatu lilikuwa la Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga duka. Nilisikia likiwashwa kwa mara moja tu, bila kusukumwa. Nilisikia likipanda mteremko pale bila kuhema, na nikasikia mume wangu akivuta pumzi, kwa sababu alikuwa amelipenda. Kisha likafika juu, na dereva akaondoa mguu kwenye mafuta.

Ule mluzi.

Siwezi kusema nilifikiri nini, kwa sababu sikufikiri. Nilikuwa nimekwisha kulala chini. Nilijikuta uso wangu umo kwenye vumbi la Kimemi na mikono yangu inatafuta watoto ambao walikuwa Beni. Mwanamke mmoja kati ya wale wawili alikuwa amelala kando yangu. Yule mwingine alikuwa amekimbia, sikumwona tena.

Mume wangu alinipangusa uso kwa mkono wake mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Njo ile," nilimwambia. "Njo yenye ilimupeleka Yaya."

Mgiriki alisema Kiswahili vizuri kuliko askari wengi. "Gari hii haina maneno, mama. Ilikuwa ku plantation siku yote. Kahawa tu, kahawa tu." Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye alitembeza sana. Lakini mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama dereva wake, mtu wa makamo kutoka Kamango, ambaye alikuwa bado ameketi ndani ya kabini, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele, ingawa injini ilikuwa imezimwa.

Mume wangu naye alimwona. Na hapo nilijua kwa nini niliolewa na mtu yule. Hakupiga kelele. Alizunguka lori, akapiga teke matairi, akanusa moshi, akasema, "Patron, gari iko muzuri. Lakini mi hapana nunua bila essai, bila kujaribu. Kesho tutaenda nayo mpaka Beni, halafu tunakuletea jibu."

"Na chauffeur wangu atakuwa ku volant," alisema Mgiriki, akitaka dereva wake ashike usukani, maana aliogopa tusije tukalivusha Uganda.

"Ndiyo. Njo yeye tunamutaka."

Tuliondoka asubuhi, watatu kabini, mimi nikiwa dirishani. Njia ya Butembo kwenda Beni huteremka kutoka baridi kwenda joto. Mume wangu alisikiliza injini, nami nilimsikiliza yule dereva akipumua. Nilikuwa nimejiandalia maswali usiku mzima, na yote yalikuwa yamenikauka mdomoni. Niliogopa atakataa. Niliogopa zaidi kwamba hatakataa.

Tulikuwa tumepita Maboya zamani, tuko mahali njia imenyooka, hakuna kilima, hakuna kona, hakuna hata shimo, dereva alipoondoa mguu na kushusha gia. Lori likapiga mluzi wake. Mwili wangu ulitaka kulala chini, nikaushika mlango.

"Juu ya nini unashusha apa?" mume wangu aliuliza sababu. Dereva huona kosa la dereva mwenzake kama mpishi anavyoona chumvi imezidi. "Njia iko sawa."

Yule mtu aliuangalia mkono wake juu ya fimbo ya gia. "Sijue, ndugu. Mukono inafanya yenyewe. Kila siku nikifika apa, inafanya."

"Simamisha," nilisema.

Alisimamisha. Hakuzima injini.

"Ni apa ulibaleta?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya kutoka Beni siku ile, ulijua wapi unabapeleka?"

"Hapana. Bunduki ilikuwa apa." Aligusa ubavu wake. "Baliniambia niangalie mbele, nisigeuke. Sikugeuka. Nilisikia tu. Halafu bakasema, rudisha gari. Nikarudi nayo vide, tupu." Kisha akasema neno moja zaidi, polepole: "Na siye bote tulisikia tu, sivyo?"

Nilishuka.

Kando ya njia palikuwa na shamba la maharagwe, kubwa, lililolimwa vizuri hadi ukingoni, kama wanavyolima Wanande, ambao hawaachi ardhi hata ya kutosha kuweka kikapu. Na katikati ya maharagwe yale jembe lilikuwa limeruka. Palikuwa na kipande kirefu cha nyasi na maua ya njano ya porini, ambacho mistari ya maharagwe ilikifikia, ikakizunguka, ikaendelea upande wa pili. Hakuna jiwe, hakuna msalaba. Mwenye shamba hakuhitaji kuandika kitu. Alijua, na jembe lake lilijua.

Mume wangu alichukua dumu la maji ya injini, akatawadha, akavua viatu, akatandika koti lake pembeni, asikanyage maharagwe wala nyasi zile. Aliwaswalia wote, kwa kuwa hatukujua waliokuwamo walikuwa wa dini gani, na Mungu anajua kuwapanga watu wake. Mimi nilipiga magoti na kulia. Nililia kwa sauti, kamasi zikitoka, nikikwaruza udongo. Ndani ya kilio kile palikuwa na raha, nisifiche, raha ya mtu aliyetua mzigo kichwani ingawa shingo bado inauma. Nyuma yetu injini iliendelea kunguruma, na dereva alikuwa ndani ya kabini akitazama mbele.

Tulipokaribia nyumbani Beni nilimwomba apite polepole, asiondoe mguu ghafla. Haikusaidia. Lile lori lilipiga mluzi wake kwenye mteremko wa mtaani, na mtaa mzima ukaisha watu. Nilimwona jirani yangu akirukia migombani na mtoto kwapani. Nilisikia milango. Mbele ya nyumba yetu alibaki mtu mmoja tu, amesimama katikati ya njia, na alikuwa akilijia lori wakati wengine wote walikuwa wakilikimbia.

Mama hakunitazama mimi. Alitazama juu, mahali abiria hukaa.

"Mumemurudisha?"

Nilishuka nikamshika mikono. "Hapana, mama. Lakini tumejua fasi yenye alibaki, kule njiani. Tumeiona. Papa ya batoto amemuswalia."

Nilidhani ataanguka, nikajiweka tayari. Hakuanguka. Alizitoa mikono yake kwangu, akazunguka nyuma ya lori, akachungulia mwenyewe juu ya mbao, kwa kuwa mama hakuwahi kuamini jambo la kuambiwa. Kisha akarudi mpaka kwenye mlango wa dereva.

"Mutoto yangu alikaa wapi?"

Sasa yule mtu alishuka. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Mama, sura yake sikuona. Lakini siku ile, tulipopita apa, mbele ya nyumba hii, kuko mutu aligonga kabini. Aligonga muzuri tu, sawa vile abiria anagonga akifika kwake. Akarudilia. Miye hapana simama."

Kwetu abiria aliye juu ya mzigo hana njia nyingine ya kusema na dereva. Akifika kwake hugonga bati la kabini kwa kiganja, na dereva husimama. Hakuna mtoto asiyelijua hilo. Na mimi nilikuwa nimekusikia kule kugonga. Nilikuwa nimelala migombani, hatua chache kutoka njiani, nikasikia pa, pa, pa, nikajiambia mbao za lori lile zimelegea.

Watu walianza kuchungulia kati ya migomba. Mama alinyoosha mkono akaligusa bati la kabini, pale juu ya mlango, akaliacha.

"Basi ni yeye," alisema. "Alifika kwake." Halafu akaniambia, kwa sauti yake ya kila siku ya kunituma sokoni, "Muite mwalimu. Na uanue zile nguo."

Nilikuwa nimekwisha kugeuka aliponiita tena. Mume wangu alikuwa amesimama karibu sana kiasi cha kuguswa, lakini mama mkwe na mkwe wake kwetu hawasemezani hovyo, kwa hiyo maneno yalipitia kwangu.

"Ambia bwana yako, ile gari asiachie mutu mwingine."

"Mwambie mama nimesikia," alisema mume wangu, akitazama matairi.

Tulisoma hitima, tukapika, tukalia mpaka sauti zikakauka, na mume wangu akapanda Butembo kumpelekea Mgiriki jibu na fedha. Masoko ya kwanza yalikuwa mabaya. Watu walikimbia, kama tulivyojua watakimbia. Hapo mama akaamua kusafiri nasi. Alikaa dirishani na ushungi wake mweupe, mume wangu kwenye usukani, na mimi katikati yao kama ukuta, ili mkwe na mama mkwe wasigusane. Kila tulipofika, alishuka yeye kwanza na kusimama mbele ya lori peke yake. Watu walimwona, wakatoka mmoja mmoja. Wengine hawakuleta mzigo, walikuja kumwuliza yule dereva wa Kamango, tuliyembakiza awe msaidizi, kama anakumbuka siku fulani, njia fulani. Alikumbuka zaidi ya alivyotaka. Baadaye walileta na maharagwe.

Lori lile lilitulisha, likasomesha watoto wetu. Mluzi wake hatukuutengeneza, mume wangu alisema hauna madhara kwa injini. Kitu kimoja tu wenzake walimcheka nacho. Dereva mwenye mzigo hasimami katikati ya mlima, kwenye matope, eti kwa sababu abiria mmoja amegonga. Anamwambia avumilie mpaka kileleni. Mume wangu alisimama popote. Mara nyingi hakuna aliyekuwa amegonga, ni mbao tu zilizolegea. Alisimama hata hivyo, akashuka, akaenda nyuma kuangalia.